Mpulizaji Saksafoni Asiyetajwa



Mazungumzo yangu ya leo yahusu kitu kidogo ambacho waliokitengeneza hawakukusudia kidumu zaidi ya majuma machache, nacho ni tangazo la biashara la televisheni, lisilozidi dakika moja na nusu, lililokuwa likiuza sahani ya santuri ya nyimbo zisizo na maneno, zilizopigwa kwa saksafoni. Limenifikia kutoka Kanada, kwa mpwa wangu aishiye Toronto, ambaye alikuwa akihamisha kanda za zamani za video za jirani yake mzee ili ziingie katika kompyuta zisije zikaharibika, naye katikati ya filamu moja iliyonaswa kutoka hewani, pale filamu ilipokatizwa kupisha matangazo, akalikuta; na kwa kuwa ayajua mapenzi yangu kwa vyombo vya kupuliza, akalitoa peke yake akaniletea. Tarehe haikuandikwa popote, lakini mavazi ya wanaoonekana, na kule kuuzwa kaseti sambamba na sahani, vyanifanya nilikisie kuwa ni la mwisho wa miaka ya 1970 au mwanzo wa ile ya 1980.

Lafunguka kwa machweo ya jua juu ya bahari, na mbele ya machweo hayo asimama bwana mmoja aliyevaa koti jeupe, saksafoni ya aina ya tenori imemning'inia kifuani kwa ukanda wa shingoni, macho ameyafumba. Mtangazaji, ambaye uso wake hatuuoni, asema kwa sauti nzito ya kubembeleza kwamba huu ndio muziki wa kuuliwaza moyo baada ya taabu za mchana. Kisha majina ya nyimbo yaanza kupanda kutoka chini ya kioo kwenda juu, kwa herufi za manjano, na kila tuni hukatwa baada ya sekunde nne au tano kuipisha ya pili yake, hata msikilizaji, kabla hajashiba moja, amekwisha kuonjeshwa nane. Mwishowe huonekana sahani na kaseti zimepangwa pamoja, na bei, na nambari ya simu, na sanduku la posta, na tahadhari isemwayo kwa mkazo, kwamba bidhaa hii haipatikani katika duka lolote.

Namna hii ya tijara ina historia yake, na chimbuko lake moja kubwa li huko huko Kanada. Philip Kives, mtoto wa wakulima wa jimbo la Saskatchewan, alianza mwaka 1962 kwa kuuza kwa njia ya televisheni kikaango kisichogandisha chakula. Mwaka 1966 kampuni yake ya Winnipeg, iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la K-tel, ikatoa sahani ya nyimbo 25 za muziki wa kantri, na alipoona kwamba mtu aweza kuununua muziki kama anunuavyo kikaango, akiwa ameketi nyumbani kwake, hakurudi nyuma tena. Wengine walimfuata, kila mmoja na nambari yake ya simu na machweo yake ya jua. Ili nyimbo 20 na zaidi zienee katika sahani moja, ambayo kila upande wake hubeba kwa raha dakika 20 na ushei, ilikuwa hapana budi mifereji ibanwe, sauti ipunguzwe nguvu, na mara nyingi nyimbo zenyewe zifupishwe. Wapenda muziki walio wataalamu wakazidharau sahani hizo, na dharau yao ikazishukia hata zile zilizopigwa kwa ustadi.

Saksafoni iliifaa mno biashara hii. Ni chombo cha shaba ambacho wajuzi hukihesabu katika ukoo wa vyombo vya mti, kwa sababu sauti yake huzaliwa na ulimi wa tete utikisikao mdomoni mwa mpulizaji, kama zumari ya mwambao wetu izaliwavyo, ila tete ya zumari ni mbili na ya saksafoni ni moja. Na kwa kuwa mrija wake waanza mwembamba ukapanuka mpaka mdomoni, sauti yake hujaa, ikaweza kunong'ona na ikaweza kulia. Mbelgiji Adolphe Sax, aliyezaliwa mji wa Dinant mwaka 1814, ndiye aliyeibuni, akaipatia hataza mjini Paris mwaka 1846, na maisha yake yote yaliyobaki akayapitisha katika mashtaka na watengenezaji wenziwe, akafilisika mara tatu kabla ya kufariki mwaka 1894. Yeye alikusudia chombo cha bendi za askari na cha okestra. Kwamba ingekuja siku chombo hicho kikakaa badala ya mwimbaji, kikachukua tuni ambayo watu huijua kwa maneno yake na kuisema bila ya maneno, hata msikilizaji akayatia maneno mwenyewe moyoni, hilo naona halikumpitikia.

Nimelitazama tangazo hili mara nyingi, na katika kulitazama, jambo moja limenikaa. Katika saksafoni, vidole vikifungua vifuniko vya matundu, mrija wa hewa hufupika na sauti hupanda. Vikifunga, mrija hurefuka na sauti hushuka. Sasa katika tuni ya tatu kuna mahali ambapo sauti yapanda daraja kwa daraja, taratibu, kwa namna ya mtu apandaye ngazi akiwa amebeba mtungi uliojaa, ilhali vidole vya bwana mwenye koti jeupe vimetulia vyote juu ya vifuniko na hakuna hata kimoja kinachonyanyuka. Na kabla ya mstari wa pili wa tuni hiyo, pale ambapo mpigaji avuta pumzi, pumzi ambayo yasikika waziwazi kwa atakayetega sikio, mabega ya bwana yule hayainuki wala kifua chake hakijai. Bwana yule hapigi. Amekodiwa asimame mbele ya machweo, na huenda kazi yake aliifanya kwa uaminifu, wala sina la kumlaumu. Aliyepiga yuko mahali pengine, katika chumba kisicho na dirisha, siku nyingine, mwaka mwingine pengine, na jina lake halikutamkwa na mtangazaji, wala halikuandikwa katika kioo, wala halimo katika jalada la sahani, ambalo mpwa wangu alilikuza kadiri picha ilivyoruhusu na maandishi yake yakasomeka yote.

Na mpigaji huyo ni fundi. Nalisema hili kwa yakini, kwa kuwa sekunde nne zatosha kumpambanua fundi na mwanagenzi. Afikapo mwisho wa mstari, noti ya mwisho haiendei moja kwa moja. Huichelewesha kidogo, akaijia kutoka chini, akaikalia ikiwa imenyooka kabisa, na mtetemo hauruhusu kuingia ila pale sauti inapokaribia kufa. Kuipiga tuni ambayo kila mtu aijua, bila ya kuonyesha ujuvi, bila ya kuitia mapambo ya kumstaajabisha mwanamuziki mwenzio, na bado msikilizaji aliyekuwa akiosha vyombo ageuke atazame kioo, ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani wale wauitao huu muziki wa kujazia kimya cha vyumba. Mimi siukubali udunishaji huo. Watu waliopiga simu usiku ule na kutoa pesa zao hawakuwa wajinga. Walisikia kitu, na walichokisikia kilikuwa pumzi ya mtu hodari.

Kwa nini, basi, asitajwe? Jawabu liko katika jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ikifanywa. Katika miji kama Nashville, New York na Los Angeles walikuwako wanamuziki wa kukodiwa, waliokuwa wakiitwa studio asubuhi bila ya kujua watapiga nini, wakisoma noti papo kwa papo, na kikao cha kawaida kilikuwa cha saa tatu, ambamo huko Nashville iliwapasa wamalize nyimbo nne hivi. Kikao kikisha, walilipwa ujira wao uliowekwa na chama chao, wakaenda kikao kingine. Sahani ikiuzwa mia au milioni, ujira ulikuwa ni ule. Mtunzi wa tuni alikuwa na haki yake kila tuni yake ilipochapwa au kutangazwa. Mwenye sahani alikuwa na faida yake. Mpigaji alikuwa na saa tatu zake. Hata leo katika Marekani redio ya kawaida ya masafa humlipa mtunzi, lakini haimlipi mwimbaji wala mpigaji.

Namchukua Boots Randolph, ambaye kwa bahati njema jina lake halikupotea, awe shahidi wa wenziwe. Alizaliwa Paducah, jimbo la Kentucky, mwaka 1927, akahamia Nashville, na huko saksafoni yake ikaingia katika nyimbo za watu wengine kiasi cha kwamba ni shida kuishi duniani bila ya kuisikia. Yeye ndiye aliyepiga kipande cha saksafoni katika wimbo wa Krismasi wa Brenda Lee uitwao "Rockin' Around the Christmas Tree", uliorekodiwa mwaka 1958; yumo pia katika "Oh, Pretty Woman" ya Roy Orbison ya mwaka 1964. Tuni yake mwenyewe, "Yakety Sax", iliyovuma mwaka 1963, imetumika katika vichekesho vya televisheni vya Mwingereza Benny Hill kwa miaka mingi, na waliokwisha kucheka kwa tuni hiyo ni wengi mno, na waliokwisha kuuliza ni nani apigaye ni wachache. Wimbo ule wa Brenda Lee ulifika nafasi ya kwanza katika orodha kuu ya nyimbo za Marekani mwezi Desemba mwaka 2023, miaka 65 tangu urekodiwe. Brenda Lee alikuwa hai na akapongezwa, kama ilivyostahiki. Randolph alikuwa amefariki tangu mwaka 2007, na katika furaha ile sikusikia akikumbukwa ila kwa uchache sana.

Plas Johnson naye, mzaliwa wa Louisiana, ndiye aliyepiga tenori katika tuni ya Henry Mancini ya filamu ya "The Pink Panther", tuni ile ya mwendo wa kunyatia ambayo hata watoto wetu waifuatisha kwa mluzi kwa sababu ya katuni zake. Jina la Mancini lajulikana. La Johnson ni lazima ulitafute.

Huko Uingereza ilitokea ajabu nyingine inayoonyesha hatari ya kutotaja. Mwaka 1978 Gerry Rafferty alitoa wimbo wa "Baker Street", ambao watu waukumbuka zaidi kwa ule mwito wa saksafoni unaokuja kati ya beti kuliko kwa beti zenyewe. Aliyeupiga alikuwa Raphael Ravenscroft. Na kwa kuwa umma haukumjua, kiasi cha mwaka 1990 kulizuka mzaha, ukachapwa magazetini, kwamba mpigaji wa mwito huo ni Bob Holness, mwendeshaji mashuhuri wa chemsha bongo za televisheni. Mzaha ukageuka kuwa habari, habari ikawa elimu, na watu wazima wenye akili zao wakawa wakiisimulia kwa miaka kama jambo lililothibiti. Mahali pa jina pakiachwa tupu, hupata mwenyeji, na mwenyeji huyo aweza kuwa yeyote.

Italia walifanya kinyume, lakini kwa nusu tu. Fausto Papetti, aliyezaliwa mwaka 1923, alitoa kuanzia mwaka 1960 mfululizo wa sahani za saksafoni kwa kampuni ya Durium, zikiwa na kichwa kimoja cha "Raccolta" na nambari yake, moja baada ya nyingine, na jina lake likachapwa kwa herufi kubwa. Bali juu ya majalada mengi, khasa ya miaka ya 1970, waliwekwa wanawake waliovaa kidogo au wasiovaa, hata ikawa mnunuzi alijua jina la mpigaji kwa miaka ishirini pasina kuijua sura yake. Nathubutu kusema kwamba Papetti, pamoja na majalada yale yasiyompendeza mtu mwenye haya, alitendewa insafu zaidi kuliko fundi wa tangazo langu, kwani aliyempenda aliweza kwenda dukani akamtaka kwa jina.

Sasa niruhusuni nirudi kwetu. Matangazo ya namna hii hatukuyapata, kwa sababu televisheni yenyewe ilituchelewea: Kenya ilianza mwaka 1962, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara haikuwa na kituo mpaka mwaka 1994. Saksafoni sisi tuliijia kwa njia ya redio na ya kumbi za dansi, nayo ilitujia aghalabu kutoka Kongo, ikiwa mikononi mwa watu kama Isaac Musekiwa na Verckys Kiamuangana Mateta wa OK Jazz, na Jean Serge Essous wa Bantous de la Capitale. Ninayataja majina haya kwa wepesi, wala sikuyatafuta kitabuni, na sababu yake ni ada moja njema ya wanamuziki wa dansi: mwimbaji, akikaribia kumwachia mpigaji nafasi, humwita kwa jina, ndani ya wimbo wenyewe, mbele ya kipaza sauti, na mwito huo huchapwa katika sahani pamoja na muziki. Wanamuziki wetu wa Dar es Salaam, Morogoro na Tanga waliishika ada hiyo. Msikilizaji wa kijijini, asiyepata kuiona bendi hata siku moja, alimjua mpiga gita na mpuliza saksafoni kama amjuavyo jirani, kwa kuwa aliitwa akaitika kwa chombo chake.

Lakini si wote walioitwa, wala si katika kila wimbo, na khasa wapulizaji, ambao walikuwa wakisimama safu moja, saksafoni mbili na tarumbeta, wakipiga pamoja, walitajwa kwa uchache kuliko wapiga gita. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa za jumuiya na za idara, kama NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza mwaka 1964, na bendi za polisi, za jeshi na za vijana. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mpulizaji akihama huiacha saksafoni ukutani, akaichukua mwingine. Walirekodi katika studio za Radio Tanzania, na kanda zikaandikwa jina la bendi na jina la wimbo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamtambua mpigaji kuwa ana haki katika kazi aliyoipiga, nayo ni sheria njema. Walakini haki haimfikii mtu asiyejulikana, na familia ya mpulizaji wa mwaka 1970 itadai kwa kitu gani, ikiwa kanda haimtaji?

Wamarekani wamepata njia moja ya kuwafufua watu wao. Chama chao cha wanamuziki kilidai kila kikao kiandikiwe karatasi, yenye tarehe, mahali, nyimbo zilizorekodiwa, jina la kila mpigaji na ujira wake, na karatasi hizo, zilizowekwa kwa ajili ya hesabu ya pesa tu, leo ndizo wanazozitegemea watafiti kujua nani alipiga nini. Naamini kwamba fundi wa tangazo langu yumo katika karatasi mojawapo kabatini. Nimemwomba mpwa wangu amwulize jirani yake kama ile sahani aliinunua. Yasemekana aliinunua, nayo imo katika sanduku la chini ya ngazi pamoja na bahasha iliyokuja nayo, na nambari iliyochongwa karibu na kibandiko cha katikati, ambayo kila mtengenezaji wa sahani huiweka, ndiyo itakayotuonyesha kiwanda, na kiwanda kitatuonyesha studio.

Sisi karatasi za namna hiyo hatunazo, ila tunao wazee. Wapo wapulizaji wa bendi zile ambao wangali hai, Ilala, Morogoro, Tabora, Mwanza, na wapo wake zao na watoto wao, na wapo waliokuwa wakicheza mbele yao kila Jumamosi na kuwajua kwa majina na kwa majina ya utani. Kwa hivyo nawasihi, wasikilizaji wangu, yeyote amjuaye mpulizaji wa saksafoni au tarumbeta aliyerekodi na bendi yoyote kabla ya mwaka 1990, atuandikie hapa redioni: jina la mtu, la bendi, la wimbo, na mwaka kwa kadiri aukumbukavyo, na kama ni yeye aliyepiga kile kipande cha mwanzo au ni mwenziwe. Na mwenye kanda za video za zamani anayezihamisha katika kompyuta, tafadhali asiyakate matangazo. Barua zitasomwa katika kipindi hiki, na kila jina litasomwa pamoja na wimbo wake kupigwa, wote, tangu mwanzo mpaka mwisho.